Bangili ya Mama na Safari ya Mtoto



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), juma hili nimeona niliweke kando somo letu la haki za jirani, ambalo tutaliendeleza inshaAllah juma lijalo, ili nijibu barua iliyonifikia kutoka kwa mama mmoja wa hapa Kisiwani. Jina lake nimelihifadhi, na yeye mwenyewe ameniruhusu kuitangaza shida yake kwa kuwa anaamini haiko nyumbani mwake peke yake. Nami naamini hivyo hivyo.

Anasema ana mtoto wa kiume wa miaka mitano, na binti ambaye hajatimiza miaka miwili. Yule wa kiume alionyeshwa kwenye simu picha za binamu zake wakiwa Nairobi, wamepanda gurudumu kubwa la kuzunguka lililoko Two Rivers. Tangu siku hiyo mtoto hana neno jingine. Baba yake, kwa mapenzi, akamwahidi kuwa likizo ya Agosti naye atapanda. Mtoto akaenda chuoni akawatangazia wenzake wote. Sasa hesabu imefanywa, na fedha hazipo. Baba akatoa shauri kwamba mama auze bangili moja ya dhahabu, katika zile alizopewa siku ya harusi, naye atamlipa mambo yakikaa sawa. Mama hataki kuuza, na hataki pia kuonekana kuwa ndiye aliyeizuia furaha ya mwanawe. Anauliza: je, akikataa anapata dhambi? Na kama hakuna dhambi, wafanye nini na ile ahadi?

Mwanangu, swali la kwanza jibu lake ni fupi. Bangili ni mali yako. Mume hana haki juu yake, sawasawa iwe ni mahari, ni zawadi ya wazazi wako, au umeinunua kwa fedha zako. Ukimpa kwa radhi yako ni hisani, ukimkopesha ni deni juu yake ambalo ni lazima alilipe, na ni bora liandikwe hata kama ni baina ya mke na mume. Ukikataa, huna dhambi wala huna lawama. Matembezi ya starehe hayamo katika nafaka ambayo mume analazimika kuitoa, seuze wewe ambaye nafaka si juu yako. Naongeza neno moja kwa akina baba wanaosoma ukurasa huu baada ya wake zao kuumaliza: dhahabu ya mke ni akiba ya siku ya ugonjwa na siku ya msiba. Mwenye kuitoa kwa ajili ya siku tatu za pembea, siku ya hospitali atatoa nini?

Vivyo hivyo na mikopo ya simu, ile ya kubonyeza na kupokea. Mingi ndani yake mna riba, hata ikiitwa ada, na hata ile isiyo na riba hukatwa kwenye mshahara wa mwezi ujao kabla mtu hajaugusa. Sijaona sababu ya kumfanya mtoto wa miaka mitano awe chanzo cha deni ambalo yeye mwenyewe halijui.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Ahadi kwa mtoto ni ahadi. Wapo wazazi wanaodhani mtoto husahau, na kwa kweli husahau mengi, lakini alichoahidiwa hakisahau. Kwa hivyo mimi simshauri baba huyu aitangue. Namshauri aipange upya, na kazi ya kwanza katika kupanga upya ni kuchukua futi ya fundi cherehani na kumpima mtoto kimo.

Msicheke. Katika viwanja vya michezo vya namna hii, dunia nzima, michezo mikubwa ina kipimo cha urefu, na mingi haimkubali mtoto aliye chini ya mita 1.2. Mtoto wa miaka mitano kwa wastani huwa na kiasi cha sentimita 110. Maana yake ni kwamba yale magari yanayopanda na kushuka kwa kasi, ambayo ndiyo yenye bei ya juu na ndiyo yanayopigwa picha zaidi, hatapanda. Atapanda farasi wa kuzunguka, magari madogo, treni ya watoto, na lile gurudumu kubwa akiwa amekaa na mzazi, ikiwa mwenye kiwanja anaruhusu. Pigeni simu muulize kabla ya kununua tiketi hata moja ya usafiri. Nawajua watoto waliolia langoni kwa sababu ya sentimita nane, na wazazi wao wamekuja kutoka mbali. Mkishajua ni michezo mingapi inayomfaa, andikeni bei ya kila mmoja, na muulize kama kuna kadi ya siku nzima. Kwa mtoto mdogo mara nyingi kadi ya siku nzima ni hasara, kwa sababu akishapanda vitu vinne au vitano huchoka, akataka maji, akataka kulala.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Namshukuru Mungu kwamba tunaishi wakati ambapo kwenda Nairobi na watoto si adhabu kama zamani. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina nauli ya shilingi 1,500 daraja la kawaida na shilingi 4,500 daraja la kwanza, tangu nauli zilipopandishwa Januari 2024. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 hulipiwa hakuna, ila hana kiti chake, atapakatwa. Kwa familia ya mama yetu huyu, yaani wazazi wawili, kijana wa miaka mitano na binti wa chini ya miaka miwili, kwenda ni shilingi 3,750, na kwenda na kurudi ni 7,500. Daraja la kwanza kwa watu hao hao ni 22,500. Tofauti ni shilingi 15,000, kwa viti vipana zaidi vya saa chache. Atakaye na ana uwezo, ni halali yake. Lakini mtoto haangalii kiti, anaangalia dirisha, na dirisha la nyuma na la mbele linaonyesha tembo wale wale.

Na tembo wapo. Njia inakatisha Tsavo, na tembo wa huko huonekana wekundu kwa sababu hujirusha udongo mwekundu wa mahali pale. Mwambieni mtoto mapema akae tayari, na msimuahidi kuwa atawaona, mwambieni atawatafuta. Kuna tofauti kubwa baina ya mtoto aliyeahidiwa tembo asiwaone, na mtoto aliyepewa kazi ya kutafuta akampata swala.

Napendelea ile treni ya saa mbili asubuhi, inayosimama vituo vya njiani: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na vinginevyo. Hufika Nairobi kiasi cha saa nane mchana. Kwa mtoto kila kituo ni tukio, na kwa sisi wazazi kuna faida kubwa ya swala. Adhuhuri mtaiwahi kwa wakati wake mkishateremka, bila ya kuhangaika ndani ya behewa. Kwa safari ya umbali huo, ambao kwa reli ni zaidi ya kilomita 470, mnaruhusiwa kufupisha swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ruhusa hiyo huwa inaendelea mkiwa huko ikiwa hamkukusudia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mkilala siku tatu mko ndani ya ruhusa. Alfajiri na Magharibi hazifupishwi. Na siku ya kurudi, mkifika nyumbani kabla ya kuswali Adhuhuri, safari imekwisha, basi ni rakaa nne kamili. Nalitaja hili kwa sababu nimelisikia likikosewa na watu wazima.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara, nalo ni mbwa wa ukaguzi pale stesheni ya Miritini. Abiria huambiwa mizigo waipange chini kwa msitari, kisha mbwa hupitishwa kunusa. Je, begi limenajisika? Kwanza, kikavu kugusana na kikavu hakinajisiki. Pili, asili ya kila kitu ni twahara mpaka ipatikane yakini, na yakini ni kuona umajimaji wa pua au mate umegusa kitu. Usipoona, usijitafutie wasiwasi. Mwenye kutaka utulivu wa moyo, na avitie vyakula na miswala katika mfuko uliofungwa ndani ya begi, na begi la juu alichague lisilokuwa la kitambaa. Mkiona kwa macho kwamba limeguswa na maji ya pua, basi hukumu yake mnaijua, ni kuosha mara saba na moja katika hizo kwa mchanga. Wale wafanyakazi wanafanya kazi yao ya kutulinda sote, na hakuna haja ya kuwanunia.

Tiketi hukatwa kwa namba ya kitambulisho, na siku ya safari kitambulisho huangaliwa. Chukueni nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hasa yule wa nusu nauli na yule wa bure, ili pasiwe na mjadala mlangoni kuhusu umri.

Kuhusu majira: likizo ya Disemba wenzetu wa bara huteremka pwani kwa wingi, na treni za kuja Mombasa kabla ya Krismasi hujaa mapema, kisha baada ya mwaka mpya hujaa zile za kurudi Nairobi. Familia ya Mombasa inayokwenda kinyume cha mkondo hupata nafasi ya kwenda, ikakwama kurudi. Agosti ni shwari zaidi, lakini ina baridi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na mtoto aliyezaliwa Majengo hajui baridi ya asubuhi ya Agosti ni nini. Nunueni sweta na soksi Kongowea kwenye mitumba miezi miwili kabla, wala msingoje kununua Nairobi mtoto akiwa tayari anatetemeka, kwani anayetetemeka hana nguvu ya kupatana bei. April nako kuna mvua, na siku ya mvua michezo ya nje husimamishwa.

Chakula cha njiani pikeni nyumbani. Mahamri, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, machungwa yaliyokwisha kumenywa. Mtoto mdogo ana tabia ya kula kidogo kidogo mara nyingi, na kila mara hiyo ikinunuliwa, huwa ni biskuti na maji ya sukari. Mama mmoja aliniambia kwamba katika matembezi yake aligundua fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye vinywaji kuliko kwenye pembea. Sikushangaa.

Malazi ndiyo yanayoweza kuivunja au kuisimamisha bajeti. Wengi wetu tuna jamaa South C, Eastleigh au Pangani. Kukaa kwa jamaa ni sunna ya udugu, lakini ina adabu zake: ulizeni wiki nyingi kabla, semeni idadi yenu kamili na siku ya kuondoka, na mchukue kitu mkononi. Kikapu cha maembe ya msimu, samaki mkavu, halwa, achari ya mama mkubwa. Sisi wenyewe tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hivyo siku ya tatu mama wa nyumba msaidieni jikoni bila ya kuombwa, na baba anunue unga na mafuta. Asiyekuwa na jamaa, Eastleigh ina nyumba nyingi za wageni zinazoendeshwa na Waislamu, msikiti uko karibu, na chakula cha halali hakitafutwi. Kabla ya kulipa ombeni kuona chumba, na muulize kama maji ya moto yapo. Kwa watu wa pwani hilo si anasa huko, ni dawa.

Nimeona niweke hesabu ya mfano, ili kila nyumba iibadilishe kwa hali yake. Tuseme familia yetu hii imeamua kwamba haitatumia zaidi ya shilingi 24,000 kwa siku nne na usiku tatu, ikikaa kwa jamaa. Treni 7,500. Zawadi na mchango kwa wenyeji 2,000. Matatu na teksi za ndani ya Nairobi 3,500. Chakula cha nje 4,000. Fungu la dharura, ambalo halifunguliwi ila kwa ugonjwa au kuchelewa, 3,000. Zilizobaki ni 4,000, nazo ndizo za michezo.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Safari iliyoitwa ya pembea, pembea yenyewe imechukua fungu moja katika mafungu sita. Matano yaliyobaki ni ya kufika, kula na kurudi. Hapa ndipo penye uamuzi, na ndipo ninapotaka baba na mama hawa wakae pamoja usiku mmoja, watoto wamelala, na simu zimewekwa mbali. Shilingi 24,000 ni shilingi 3,000 kwa mwezi kwa miezi minane, yaani shilingi mia moja kwa siku. Kama wanazo kwa Agosti bila ya kugusa ada ya shule, kodi ya nyumba, deni la duka na bangili, waende kwa amani. Kama hawanazo, ahadi isogezwe hadi likizo ya mwaka ujao, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi na baba yake mwenyewe. Asiachiwe mama kazi ya kuleta habari mbaya. Ni desturi mbaya iliyoenea majumbani mwetu, kwamba baba ndiye wa kuahidi na mama ndiye wa kukatalia, kisha tunastaajabu watoto wakimwona mama kuwa ni mkali.

Mtoto wa miaka mitano hafahamu mwaka ni kiasi gani, lakini anafahamu kibubu. Mnunulieni, kiwekwe mahali anapokiona, na kila jioni yeye ndiye atie sarafu. Baba akitoka kazini akatoa shilingi hamsini ya kibubu badala ya soda, mtoto anaona. Ahadi yake haikufa, inakusanywa mbele ya macho yake.

Na katika kungoja huko, Agosti hii isipite kavu. Mombasa tunayo mambo ambayo watu wa Nairobi hulipa nauli kuja kuyaona, nasi tunapita mbele yake kila siku. Mtoto anayetaka kupanda kitu kikubwa kinachokwenda, mpandisheni feri ya Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi. Nendeni saa ambayo si ya msongamano wa wafanyakazi, mshikeni mkono, vukeni, nunueni mahindi ya kuchoma ng'ambo, mrudi, kisha mmalizie jioni Mama Ngina, penye upepo wa bahari na meli zinazoingia mlangoni mwa bandari. Siku hiyo nzima inaweza kumalizika kwa gharama ya tuktuk na mahindi.

Kisha Haller Park pale Bamburi. Hapa kuna kiingilio, na wenyeji hulipa bei yao, kwa hivyo chukueni vitambulisho. Mtoto atafurahia twiga, na ulizieni saa zao za kulishwa ili mfike wakati huo. Lakini nawaomba wazazi wamsimulie kisa cha mahali penyewe kabla ya kwenda, usiku kitandani. Palikuwa ni shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jangwa jeupe lisilo na jani. Kuanzia mwaka 1971 mtaalamu mmoja aitwaye René Haller akaanza kupajaribia miti, na uliostahimili zaidi ni mvinje, huu huu tunaouona ufukweni. Majani yake yakawa yanaanguka yasioze, mpaka wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Jongoo! Mdudu ambaye watoto wetu humkanyaga, ndiye aliyeusaidia msitu ule kusimama. Na humo humo ndimo alimoletwa kiboko mdogo Owen, aliyepotezana na mamaye karibu na Malindi wakati wa mawimbi makubwa ya tsunami ya Disemba 2004, akamwandama kobe mzee, aliyeitwa Mzee, kana kwamba ndiye mzazi wake. Mtoto aliyekijua kisa hiki atatembea mle ndani kwa macho mengine, wala hatahitaji kununuliwa kila kinachouzwa langoni.

Wanaopenda mitelezo ya maji, ipo Wild Waters huko Nyali. Siku za juma huwa na watu wachache kuliko Jumapili. Akina dada wanaotaka kuingia majini na watoto wao wapige simu kwanza kuulizia kama vazi refu la kuogelea la kusitiri linakubaliwa, maana kila mahali pana sharti zake za kitambaa. Na nasema kwa msisitizo: mtoto wa miaka mitano majini haachiliwi kwa mlinzi, wala kwa dada yake wa miaka kumi, wala kwa dakika ya kujibu simu. Mzazi mmoja awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mwengine ndiye apige picha.

Narudi Nairobi, kwa watakaojaaliwa kwenda, nimalizie yaliyobaki. Two Rivers iko barabara ya Limuru, upande wa Ruaka, mbali na katikati ya jiji. Nendeni siku ya kazi asubuhi, mtoto akiwa na nguvu, mle chakula cha mchana mapema, na kufikia saa tisa muwe njiani kurudi kabla ya foleni za jioni. Siku moja ya michezo inatosha. Siku ya pili, wenye nafasi waende kwenye kituo cha tembo yatima cha Sheldrick, ambacho hufunguliwa kwa wageni saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima kujiandikisha kabla. Ulizieni gharama zote pamoja, kwa kuwa kiko ndani ya hifadhi ya taifa. Swala ya Adhuhuri mkiwa mjini, Msikiti wa Jamia uko katikati ya jiji na una sehemu ya wanawake, napo ni pahali pa kumpumzisha mtoto miguu.

Kabla ya kuingia mahali penye watu wengi, andikeni namba ya simu ya baba na ya mama kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino, mbichi, juu ya kiwiko ili isifutike anaponawa. Mpigeni picha asubuhi hiyo hiyo akiwa na nguo aliyoivaa, ili akipotea msianze kugombana alivaa rangi gani. Mfundisheni majina yenu kamili, maana watoto wengi wakiulizwa jina la mama hujibu ni Mama. Na mwambieni kwamba akipotea asitembee kututafuta, asimame pale pale, amwite mama yeyote mwenye watoto.

Yule mdogo wa chini ya miaka miwili, mbebeni kwa leso mgongoni au kifuani. Vigari vya kusukuma ni vizito kupandisha kwenye matatu, na vikikodishwa huko vina bei yake.

Siku ya kurudi, mkipanda treni ya asubuhi kutoka Nairobi, mtafika Miritini mchana, na mtoto huenda amelala begani. Pangeni tangu mapema atakayewapokea, au wekeni kando nauli ya kuingia mjini tangu siku ya kwanza, katika bahasha isiyoguswa, kwa kuwa wengi hufika pale mifuko mitupu na mizigo mizito. Likibaki chochote katika fungu la dharura, litieni kwenye kibubu mbele ya mtoto akiamka.

Wabillahi tawfiq.